Mashine Isiyojua Kusema Hakuna: Jinsi Akili Unde Inavyobadili Usanifu wa Utafutaji

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, biashara ya nyumba za kupanga na viwanja jijini humu imekua, na sehemu yake imehamia kwenye simu. Mtumishi aliyepangiwa ofisi Mtumba, mwanafunzi aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma na mfanyabiashara anayetaka fremu karibu na Soko la Majengo wote huanza kwa kuandika maneno machache: "chumba masta Ilazo bei poa", "nyumba nzima Kisasa yenye fensi", "kiwanja Nala chenye hati". Mmoja wao akitumia programu yenye utafutaji wa zamani na mwingine akitumia yenye akili unde (AI), maneno yaleyale yanaweza kuwaletea matokeo yasiyofanana hata kidogo. Tofauti hiyo haitokani na mapambo ya skrini. Inatokana na uamuzi uliofanyika nyuma ya kisanduku cha kutafutia: tangazo lihesabiwe lini kuwa linajibu kile mtu alichoandika.

Katika makala haya tutatumia programu ya kubuni ya matangazo ya nyumba na viwanja vya Dodoma kama mfano, kwa kuwa matangazo ya madalali ni maandishi magumu kuliko yanavyoonekana. Hata hivyo, mengi yatakayoelezwa yanahusu pia duka la mtandaoni, maktaba ya kidijitali au mfumo wa kutunza majalada ya ofisi.

Utafutaji wa zamani umejengwa juu ya faharasa. Kama ilivyo faharasa ya nyuma ya kitabu, mfumo hupitia kila tangazo mapema, hutoa maneno yaliyomo, kisha hutunza orodha inayoonyesha kila neno limo katika matangazo gani. Mtu akiandika "Ntyuka", mfumo hausomi tena matangazo yote, bali hufungua orodha ya neno hilo peke yake. Ugumu huja katika kuamua lipi litangulie. Mwaka 1972 mtafiti wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alitoa hoja inayotumika hadi leo: neno linalopatikana karibu katika kila andiko lina uzito mdogo, na neno adimu lina uzito mkubwa. Katika matangazo yetu, "nyumba" haisaidii kutenganisha chochote, ilhali "Ntyuka" inasaidia sana. Kanuni ya BM25, iliyotokana na kazi ya Stephen Robertson na wenzake jijini London katika miaka ya 1990, iliiboresha hesabu hiyo kwa kuzingatia pia urefu wa andiko na idadi ya mara ambazo neno limerudiwa. Ndiyo kanuni ya msingi katika Elasticsearch na programu nyingine nyingi za utafutaji ambazo wataalamu wetu wanazitumia kila siku.

Mbinu hizo zilikuzwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika kidogo tu, na mara nyingi mwishoni. Kitenzi cha Kiswahili hubadilika mbele, katikati na nyuma. Dalali mmoja huandika "napangisha", mwingine "inapangishwa", wa tatu "zimebaki mbili za kupanga", na mpangaji huandika "natafuta pa kupanga". Faharasa isiyojua sarufi huona hapo maneno matatu ambayo hayana udugu: "napangisha", "inapangishwa" na "kupanga". Ukikata viambishi ili ubaki na mzizi, unaangukia tatizo jingine, kwa sababu mzizi unaobaki unafanana na ule wa kupanga viti ukumbini, wa panga la kufyekea na wa pango la mlimani. Wasanifu wa utafutaji walilikabili jambo hili kwa jasho: walitunga orodha za visawe kwa mkono, wakauambia mfumo kwamba "masta", "self" na "chenye choo ndani" ni kitu kimoja, na kila mwezi madalali wakabuni neno jipya.

Majina ya mahali yalihitaji dawa yake. Ng'hong'hona, kata iliyo upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, huandikwa na watu kwa namna nyingi, na baadhi ya programu huchukulia ritifaa, yaani alama ya ('), kuwa mwisho wa neno, hivyo jina moja likageuka vipande vitatu visivyo na maana. Hapo hutumika kipimo kilichobuniwa na Vladimir Levenshtein mwaka 1965, kinachohesabu ni herufi ngapi ziongezwe, ziondolewe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Kutoka "nghonghona" hadi tahajia kamili ni hatua mbili, na mifumo mingi huvumilia hatua mbili. Kutoka "ngongona", ambayo ndiyo tahajia ya mtu mwenye haraka, ni hatua nne, na mtafutaji huambiwa kwamba hakuna kitu.

Kwa kuwa mashine haikuelewa sentensi, mtumiaji ndiye aliyefundishwa kuongea kimashine. Vichujio vya kata, bei na idadi ya vyumba, ambavyo leo tunavichukulia kuwa sehemu ya asili ya kila programu, vilikuwa namna ya kumwondolea mtu uhuru wa kuandika ili asikosee. Havikuwa vibaya, na nitaeleza baadaye kwa nini visitupwe.

Akili unde iliingia katika utafutaji kwa njia ya namba. Wazo la kuyaweka maandishi kama nukta katika nafasi ya kihisabati lilielezwa na Gerard Salton na wenzake mwaka 1975, lakini namba zao zilitokana na kuhesabu maneno yenyewe. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake katika kampuni ya Google walionyesha kwamba kompyuta inaweza kujifunza namba za neno kwa kuangalia maneno yanayoandamana nalo, hata maneno yenye maana za karibu yakajikuta jirani. Muundo wa kujenga programu zinazojifunza lugha uitwao transfoma, uliochapishwa mwaka 2017, uliwezesha namba hizo kubadilika kulingana na sentensi nzima. Modeli ya BERT, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi, ilifuata mwaka 2018, na toleo lake la msingi huwakilisha andiko kwa mfuatano wa namba 768, unaoitwa vekta. Oktoba 2019 Google ilitangaza kwamba imeanza kuitumia BERT katika utafutaji wake, na kwamba ingegusa ombi moja kati ya kila maombi kumi ya Kiingereza nchini Marekani.

Kwa programu yetu ya nyumba, maana yake ni hii: kila tangazo hupewa vekta yake, ombi la mtafutaji hupewa vekta yake, kisha mfumo huleta matangazo ambayo vekta zake ziko karibu zaidi na ya ombi. Haulinganishi na kila tangazo moja moja, kwa sababu matangazo yakiwa mengi hilo lingechukua muda. Hutumia mbinu za kukadiria ujirani, mojawapo ikiwa ile ya HNSW iliyochapishwa na Yury Malkov na Dmitry Yashunin mwaka 2016. Mtu akiandika "chumba chenye choo ndani", hupata matangazo ya "masta" bila mtu yeyote kuwa ametunga orodha ya visawe. Akiandika "maji ya uhakika", hupata tangazo linalotaja kisima na tenki ingawa neno "uhakika" halimo. Kwa mara ya kwanza, mtu anaweza kueleza hali anayoitaka badala ya kubahatisha maneno ya muuzaji, na kwa lugha yenye viambishi kama yetu faida hiyo ni kubwa.

Hata hivyo, mabadiliko hayo yaliondoa kitu ambacho wengi hawakukithamini. Faharasa ya zamani ilikuwa na uaminifu wa kijinga: neno lisipokuwepo, ilisema halipo. Vekta haina tabia hiyo, kwa kuwa katika nafasi ya kihisabati kila nukta ina jirani wa karibu zaidi, hata kama jirani huyo yuko mbali mno. Mtu akitafuta fremu ya saluni Mtumba wakati hakuna fremu ya namna hiyo, atapewa fremu ya duka la dawa Ihumwa, kisha chumba kilicho karibu na saluni Area D, kisha labda tangazo la viti vya saluni, na vyote vitapangwa kwa mpangilio uleule nadhifu ambao angeuona kama jibu lingekuwa sahihi. Mtumiaji wa kawaida hana njia ya kujua kwamba mfumo umebahatisha.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kazi ya msanifu ilipohamia. Zamani alihangaika kuondoa kurasa tupu. Sasa anapaswa kuamua ni wakati gani ukurasa uwe mtupu. Jibu jepesi ni kuweka kiwango cha ukaribu ambacho chini yake tangazo halionyeshwi, lakini kiwango hicho hakitulii, kwa sababu alama ya ukaribu si uwezekano wa kuwa sahihi, na alama inayotosha kwa ombi fupi huwa haitoshi kwa ombi refu. Njia iliyo bora ni kuongeza hatua ya pili: modeli nyingine husoma ombi pamoja na kila tangazo, moja baada ya jingine, na kutoa hukumu. Hatua hiyo ni ya polepole, kwa hiyo hutumika kwa matangazo machache yaliyopita mchujo wa kwanza. Baada ya hapo mfumo unaweza kusema ukweli wenye msaada, yaani kwamba fremu ya saluni Mtumba haipo na kwamba zilizopo chini ya maelezo hayo ziko Ihumwa, zikiwa zimetengwa kwa kichwa chake zisichanganywe na majibu halisi.

Udhaifu wa pili ni kwamba modeli huijua dunia kuliko inavyoijua Dodoma. Kisasa ni eneo la makazi jijini humu, lakini ombi la "nyumba Kisasa" likisomwa kwa vekta peke yake huvutwa kuelekea nyumba za kisasa, na mtafutaji huletewa majumba ya vigae na jipsamu kutoka Msalato hadi Nkuhungu. Kikuyu nayo ni sehemu ya Dodoma, lakini katika maandishi ambayo modeli imefunzwa jina hilo ni la jamii kubwa ya Kenya na lugha yake. Chang'ombe iko Dodoma na iko Dar es Salaam. Mkazi hahitaji kuelezwa haya, na ndiyo maana hayaandiki. Modeli nayo haiwezi kujifunza kitu ambacho hakikuandikwa.

Kisha kuna kukanusha na kuna namba. Vekta za "karibu na baa" na "isiyo karibu na baa" hukaa jirani, kwa sababu zote mbili zinazungumzia baa, na mtu aliyekimbia kelele anaweza kuletewa orodha ya vyumba vilivyo ukuta kwa ukuta na muziki. Namba za viwanja ni mbaya zaidi: kwa modeli, kiwanja namba 214 Kitalu C na kiwanja namba 241 Kitalu C vinakaribia kuwa kitu kimoja, wakati kwa mnunuzi mwenye fedha mkononi hiyo ni tofauti kati ya hati na kesi.

Kwa sababu hizo, mifumo iliyosanifiwa vizuri haikuitupa faharasa. Hutafuta kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja, kisha huunganisha orodha. Mbinu rahisi ya kuunganisha ilielezwa na Gordon Cormack na wenzake mwaka 2009: usilinganishe alama za mifumo miwili, kwa kuwa hazina kipimo kimoja, angalia nafasi tu. Katika kila orodha, tangazo hupewa moja gawanya kwa jumla ya 60 na nafasi yake, kisha matokeo hujumlishwa. Tangazo lililoshika nafasi ya tatu kwa maneno na ya tano kwa maana hulipita lile lililoongoza orodha moja na kukosekana katika nyingine. Majina ya kata, mitaa na vitalu hubaki chini ya faharasa, pamoja na orodha rasmi ya mahali ambayo mtu lazima aitunze. Kazi ya kutunga orodha kwa mkono haikuisha. Imehama kutoka kwenye visawe na kuingia kwenye majina.

Badiliko ambalo naliona kuwa na manufaa kuliko yote halionekani sana, nalo ni kuitumia modeli kubwa ya lugha kusoma ombi badala ya kuandika jibu. Chukua ombi hili: "nataka chumba na sebule Makole au Chadulu, isizidi laki na nusu, luku yangu mwenyewe, sitaki kulipa miezi sita". Modeli inaweza kulichambua na kulijaza katika vichujio vilevile vya zamani: aina ni chumba na sebule, eneo ni Makole au Chadulu, kodi isizidi shilingi 150,000 kwa mwezi, mita ya umeme iwe ya mpangaji, malipo ya awali yawe chini ya miezi sita. Utafutaji wenyewe hufanywa na hifadhidata ya kawaida, ambayo haibahatishi namba wala haisahau kukanusha. Mtumiaji amepata uhuru wa kuandika, na mfumo umebaki na nidhamu yake.

Uzuri huo hutegemea jambo moja la usanifu: tafsiri ya modeli lazima ionekane. Juu ya matokeo kuwe na vibandiko vidogo vinavyosema "Makole", "Chadulu", "hadi 150,000", na kila kimoja kiweze kufutwa au kurekebishwa kwa kidole. Modeli ikiisoma "laki na nusu" kuwa 100,500, au ikidhani kwamba "chumba 80" ni chumba namba 80 wakati mwandishi alimaanisha elfu themanini, kosa litaonekana na kusahihishwa papo hapo. Tafsiri ikifichwa, mtu ataona matokeo mabaya na kudhani kwamba jiji zima halina vyumba. Msanifu anapaswa pia kutenganisha sharti na pendekezo. Bei ni sharti. "Pawe pametulia" ni pendekezo, na hapo vekta inafaa kupanga nani atangulie. Sharti lisilegezwe kimyakimya ili orodha ionekane ndefu.

Umbo linaloongelewa zaidi ni lile la jibu lililoandikwa, ambapo mtu huuliza na mashine hujibu kwa aya. Msingi wake ni mbinu iliyoelezwa na Patrick Lewis na wenzake mwaka 2020: mfumo hutafuta kwanza maandiko yanayohusika, huyakabidhi kwa modeli, na modeli hutunga jibu kutokana nayo. Mei 2024 Google ilianza kuweka majibu ya aina hii juu ya matokeo yake kwa watumiaji wa Marekani, na tangu hapo kila mwenye programu amekuwa akiulizwa kwa nini yake haina.

Swali linalostahili kutangulia ni kama mtumiaji anahitaji aya. Anayetafuta chumba anahitaji picha, bei, ramani na namba ya kupiga. Aya inayosema kwamba "Makole ina vyumba vingi vizuri vya bei tofauti" inamchelewesha na kumla bando. Anayeuliza taratibu za kuhamisha umiliki wa kiwanja ana haja tofauti: jibu limetawanyika katika kurasa kadhaa za mwongozo, na muhtasari wenye viungo vya kumrudisha kwenye chanzo unamwokolea muda. Hata hapo kuna hatari mbili. Utafutaji unaweza kuleta andiko lisilo lake, na modeli ikalifupisha kwa ufasaha. Au andiko likawa sahihi, modeli ikaongeza lisilokuwemo, kwa mfano kwamba nyumba ina maji saa zote kwa sababu tangazo limetaja tenki. Februari 2024 baraza la kutatua migogoro la British Columbia, nchini Kanada, liliamua kwamba Air Canada iwajibike kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo roboti ya mazungumzo ya tovuti yake ilimpa abiria kuhusu nauli ya msiba. Kampuni hiyo haikufanikiwa kujitenga na maneno ya roboti yake. Mwenye programu ya nyumba anayeruhusu modeli iongee kwa jina lake angefanya vyema kuisoma hukumu hiyo kabla ya kuchagua rangi ya kitufe.

Gharama nazo zinaingia katika usanifu. Utafutaji wa faharasa hurudisha jibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, wakati aya ya modeli kubwa huchukua sekunde kadhaa na hulipiwa kwa vipande vya maneno. Modeli zilizofunzwa zaidi kwa Kiingereza huvunja neno la Kiswahili katika vipande vingi kuliko la Kiingereza, hivyo sentensi yenye maana ileile hugharimu zaidi kwa Kiswahili. Pia, modeli nyingi huendeshwa kwenye seva zilizo nje ya nchi, na maombi ya utafutaji hufichua mengi: kipato, afya, ndoa inayovunjika, mtu anayetaka kuhama bila kujulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia kusafirisha taarifa kwenda nje, kwa hiyo uamuzi wa wapi ombi lisomwe si wa mafundi peke yao.

Linabaki suala la kupima. Zamani timu iliangalia asilimia ya maombi yaliyokosa jibu na nafasi ambayo watu walibofya. Kipimo cha kwanza kimekufa, kwa sababu vekta haikosi jibu. Cha pili kinadanganya: mtu aliyepata jibu ndani ya aya habofyi kitu, na mtu aliyekata tamaa naye habofyi kitu. Kwa Kiswahili zipo seti za majaribio zinazotambulika kimataifa, zikiwemo TyDi QA ya mwaka 2020 yenye lugha 11 na MIRACL yenye lugha 18, lakini hizo mbili zimejengwa juu ya makala za Wikipedia. Modeli inayofanya vizuri huko imethibitisha kwamba inasoma Kiswahili cha kamusi elezo. Haijathibitisha chochote kuhusu "rum self Nkuhungu fensi maji full".

Kwa hiyo timu inapaswa kutunga kipimo chake. Huchukua maombi halisi kutoka kwenye kumbukumbu za programu, huondoa kila kinachomtambulisha mtu, kisha huwapa wakazi wanaoujua mji waamue kwa kila ombi ni matangazo gani yanajibu, yapi yanakaribia na yapi hayahusiki, bila kusahau maombi ambayo jibu lake sahihi ni kwamba hakuna. Seti hiyo huendeshwa upya kila mara modeli inapobadilishwa, na hubadilishwa mara nyingi kuliko wenye mali wanavyotarajia. Vekta za modeli moja hazilinganishwi na za nyingine, kwa hiyo kuhamia modeli mpya maana yake ni kukokotoa upya vekta za matangazo yote, tangu la kwanza. Bajeti ya kazi hiyo inafaa kuandikwa katika mkataba siku programu inapoagizwa, pamoja na malipo ya watakaokaa kusoma matokeo.